Papa Gardien wa Gereza la Kwetu

Nimemfahamu katika miji mitatu ya Marekani, na katika yote mitatu watu walimwita kwa kazi yake tu: Papa Gardien. Jina alilobatizwa nalo nililiona mara moja, juu ya bahasha iliyotoka mahakamani, na sitaliandika hapa.

Mimi ni Mkongomani niliyekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Tulivuka ziwa nikiwa na miaka sita, na Kiswahili changu ni cha kule kambini, Kifaransa hakikunipata. Kwa hiyo tulipofika Louisville, mimi na mama na wadogo zangu wawili, na kumkuta mzee mrefu mlangoni pa kanisa anaitwa Gardien, nilielewa kwamba ni mlinzi wa jengo. Na kweli ndiye aliyeshika ufunguo. Kanisa letu lilikuwa linakodi ukumbi wa kanisa la Wamarekani, tukiingia saa nane mchana wenyewe wakishatoka. Yeye alifika saa saba, akafungua, akapanga viti, akafuta mimbari kwa kitambaa chake mwenyewe. Viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake. Shati la kaki alilifunga vifungo vyote mpaka kooni, hata mwezi wa saba, siku ambazo akina mama walikuwa wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Hakuna aliyeniambia kwamba kwa watu wa Kivu gardien ni askari wa magereza, na kwamba kabla ya vita kumfukuza alikuwa ametumikia zaidi ya miaka ishirini katika gereza la mji wetu, mji uleule tuliotoka sisi. Watu wazima walijua. Walimpa mkono, wakamwachia kiti cha mbele, wakanyamaza.

Kilichonishangaza kwake mwanzoni ni habari ya majani. Nyumba aliyopanga ilikuwa na kiwanja kidogo mbele, na majirani zake kila Jumamosi walikuwa nyuma ya mashine zao za kukatia. Yeye hakukata. Majani yalifika magotini, yakapanda yakagusa kizingiti cha dirisha, paka wa jirani akazalia humo. Ikaja barua ya jiji, akaniletea nimsomee.

"Inasema nini, mama?" Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, lakini aliniita mama, kama anavyoitwa binti wa mtu kwao.

"Inasema ukate majani, Papa. Wamekupa siku kumi."

"Na nisipokata?"

"Watakuja kukata wenyewe. Wewe watakuadhibu."

Akaikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni. "Basi bakuje. Kukata majani ni kazi ya mufungwa. Mimi sitakata, na sitamutuma mutu akate."

Nilicheka, nikidhani ni ukaidi wa wazee. Vijana wa kanisa walikwenda kumkatia akiwa kazini, kwa nia njema. Aliporudi akakuta kiwanja kimenyolewa, akaingia ndani, na Jumapili ile kanisa lilifunguliwa na mtu mwingine. Baada ya muda mrefu ndipo aliponieleza. Wakati wa Wabelgiji, wafungwa walitolewa kila asubuhi kwenda kukata majani kuzunguka nyumba ya msimamizi wa wilaya, mzungu, jua likiwapiga mgongoni. Wabelgiji wakaondoka. Akaja msimamizi Mkongomani, akalala kitanda kilekile. Hakuna aliyesema majani yasikatwe na wafungwa.

"Bwana wa majani alibadilika," alisema. "Mukataji hakubadilika. Na mimi njo nilikuwa nyuma yake, na fimbo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyonyesha mwaka fulani.

Gereza lile alinieleza vipande vipande kwa miaka. Sikumbuki hata siku moja aliyokaa akasimulia kuanzia mwanzo. Unamsaidia kujaza fomu ya hospitali, katikati anakwambia kwamba milango yao ya chuma ilikuwa na jina la kiwanda cha Ubelgiji, na kwamba wao walifundishwa kuipaka mafuta kila Ijumaa kama walivyofundishwa waliowatangulia. Unamtengenezea simu, anakwambia kwamba lilijengwa kwa ajili ya watu waliokosa kodi na watu waliokataa kulima pamba. Wezi waliwekwa baadaye, alisema, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Upande wa juu kulikuwa na vyumba vyenye madirisha na vitanda, vya wafungwa wazungu. Wazungu walipokwisha, wakawekwa humo wafanyabiashara na wanasiasa. Wengine waliendelea kulala chini kwenye saruji, miguu ya huyu kichwani kwa yule.

"Bon, balibadilisha batu. Vyumba habakubadilisha."

Na kulikuwa na kile alichokiita règlement, yaani sheria za ndani za gereza. Zilikuwa zimepigwa taipu kwa Kifaransa kabla hajazaliwa, kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, zimetundikwa ofisini. Ilibidi azikariri zote kabla ya kupewa sare. Bado ziliwaita wafungwa "wenyeji", kana kwamba askari wenyewe walitoka kwingine. Kuhusu kupiga watu, alinieleza hivi: "Fimbo ilikatazwa na karatasi. Karatasi tuliitundika kwenye ukuta. Na fimbo tuliitundika kwenye ule ule ukuta."

Neno hilo règlement hakuliacha Kongo. Alilitumia kwa kila kitu. Mkanda wa gari ulikuwa règlement. Maandishi ya nyuma ya pakiti ya mchele yalikuwa règlement, na aliniuliza kwa wasiwasi kama ni kosa kuuosha mchele ambao hawakuandika uoshwe. Ghalani tulipokuwa tunafanya kazi, sehemu ya kufunga mizigo, aliwahi kungoja karibu saa nzima mbele ya mashine iliyokwama kwa sababu kibao kilisema isiguswe mpaka msimamizi aje, na msimamizi alikuwa amekwenda nyumbani.

Lakini mtu huyuhuyu nyumbani kwake aliing'oa milango yote ya ndani. Mwenye nyumba alikuja kukagua, akaikuta imeegemezwa chini kwenye ghala la nyumba, bawaba zake zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuandikwa kila moja ya chumba gani. Bafuni aliweka pazia. Binti yake, Neema, alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Alililia mlango kama wenzake wanavyolilia simu. Baba yake alimwambia kwamba mtu anayetaka kuwa peke yake atoke nje akatembee.

Watoto wa kanisa walimpenda, na walimwogopa pia. Wakikimbia ukumbini, alitoa neno moja tu kutoka kooni, neno la Kifaransa, na ukumbi mzima ukanyamaza, hata mchungaji. Halafu yeye mwenyewe alishtuka. Ungemwona anatazama huku na huku kama mtu aliyesikia sauti ya asiyemjua. Alitoka, akavuka barabara, akarudi na biskuti, akampa kila mtoto kwa mikono miwili.

Na alikuwa mwema kwetu. Hilo lazima niliseme wazi, maana ndilo lililonitesa baadaye. Mama alipata kazi kwenye ghala lile kabla hajajua kuendesha, na basi halikufika huko. Papa Gardien alimpitia kila siku saa kumi na moja alfajiri, miaka miwili, mvua na theluji. Hakukosa hata siku moja. Mama aliketi kiti cha nyuma, ingawa cha mbele kilikuwa kitupu. Nilidhani ni heshima ya mwanamke mjane kwa mwanamume aliyefiwa na mke, na nilimpenda mama zaidi kwa ajili ya hilo.

Kisha Neema akaolewa Buffalo, na mzee akaamua kuhamia Columbus na mwanawe wa kiume, Bahati, aliyekuwa amepata kazi huko. Kanisa likamwandalia siku ya kumuaga. Mchungaji akaomba kila aliyetendewa wema na Papa Gardien asimame atoe shukrani. Watu walisimama mmoja mmoja. Mama hakusimama. Nilimkanyaga mguu, akausogeza.

Nyumbani nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwita mtu asiye na shukrani. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, jikoni. Akaweka bakuli kando, akajipangusa mikono.

"Baba yako alifungwa miezi mitano," alisema.

"Hilo najua."

"Kosa yake ilikuwa kukosa karatasi. Alitoka bila kitambulisho, bakamukuta barabarani. Miezi mitano. Na huyu njo alikuwa mulangoni."

Baba yangu namkumbuka akiwa amelala kifudifudi. Alitoka gerezani na mgongo usiokunjuka, tukavuka ziwa wakimbeba, na hatukumaliza mwaka wa pili kambini kabla hatujamzika. Nilijua alifungwa kama unavyojua kwamba babu yako alikuwa mfupi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba gereza lina mlango, na kwamba mlangoni anakaa mtu mwenye sura.

"Nilimujua siku ya kwanza kanisani," mama aliendelea. "Na yeye hakunijua. Nilikuwa nampelekea baba yako chakula. Huyu anafungua sufuria yangu, anachagua nyama, anakula mbele yangu. Halafu anapitisha inayobaki. Balinzi bengine balikuwa banakula yote. Kwake, baba yako alikula."

"Na mgongo wa baba? Ni yeye?"

"Sikuwa ndani."

"Na ukapanda gari lake miaka miwili!"

Mama alinitazama, akachukua bakuli lake la sombe tena. "Alikuwa na gari," alisema. "Na mimi nilikuwa na ninyi."

Mwaka huohuo mimi nami nilikwenda Columbus, kusoma. Nilikodi chumba karibu na chuo, nyumba moja na wasichana wawili wa Kenya, na nikaanza kufanya kazi ya ukalimani hospitalini na mahakamani. Nilijua Papa Gardien yuko mtaa wa Linden, mwendo wa basi moja. Sikwenda kumsalimia. Salamu zake zilinifikia kupitia watu, nikazipokea kwa mdomo tu. Nilijiambia nina masomo mengi.

Akanipigia mwenyewe, siku moja mchana.

"Mama, bamekamata Bahati. Nakuomba mudomo yako."

Bahati alikuwa ameendesha gari walimoshuka wenzake wawili kuingia dukani kuiba. Mwenye duka aliumia. Bahati hakushuka, lakini gari lilikuwa lake. Nilikwenda. Hakuna mkalimani anayeweza kumwambia mzee wa watu kwamba mdomo wake una shughuli.

Nilimkuta amevaa shati lake la kaki, ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Ugali na sombe, na ndagala, dagaa wa kwetu, aliowakaanga mwenyewe. Nikamwambia, Papa, hapa hawapokei chakula. Hakuamini. Tulifika jela, nje kidogo ya mji, akaiweka sufuria juu ya kaunta mbele ya askari mwanamke aliyekuwa nyuma ya kioo, akaifungua kifuniko, akasogea nyuma kidogo ili askari achague.

Yule mwanamke alinitazama mimi.

"Anasema hawaruhusu," nikamwambia mzee. "Wafungwa wanalishwa na jela."

"Bote?"

"Wote."

"Kila siku?"

"Mara tatu."

Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima. "Hii ni muzuri," alisema. "Hii kwetu haikuwepo." Akafunga sufuria. "Bon. Sasa nimuone."

Tukaelekezwa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na skrini ndogo ukutani. Skrini ikawaka, na Bahati akatokea, amevaa nguo za jela, uso umekatika katika mistari. Mzee aliitazama skrini, akageuka nyuma yake, akanitazama.

"Eko wapi?"

"Yuko hapa hapa, Papa. Ndani."

"Ndani ya hii nyumba?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko ndani ya hii nyumba?"

"Ndiyo, Papa."

"Donc juu ya nini iko televisheni?"

Juu ya nini, kwao, ni kusema kwa nini. Bahati alikuwa anasema kwa Kiingereza, usilie, baba, na kwangu mimi, mkalishe chini. Mzee alinyosha mkono akagusa kioo pale palipokuwa na shavu la mwanawe. Picha ikakatika, ikarudi, ikakatika kabisa. Dakika zetu zilikuwa zimekwisha.

Tukiwa njiani kurudi, kwenye barabara kubwa, tulikuta wanaume wanakata majani pembeni. Walikuwa kama kumi, wamevaa sare za rangi moja, na wengi wao walikuwa weusi. Askari mmoja aliegemea gari jeupe akiwatazama. Papa Gardien alitoa gari barabarani, akasimama kwenye kokoto, akazima injini. Magari yalikuwa yanatupita kwa kasi mpaka letu linatikisika.

"Papa, huruhusiwi kusimama hapa."

Hata règlement hakuiuliza. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Hawa," alisema mwishowe, "nani alibafundisha? Babelgiji hawakufika hapa."

Nikamwambia nililokuwa nimesoma. Kwamba huku nako walikuwepo mabwana na mashamba yao, na kwamba utumwa ulipopigwa marufuku, mashamba hayakusubiri. Sheria zikaandikwa za kuwakamata watu weusi waliokutwa barabarani bila kazi, bila barua ya mwajiri, bila karatasi, na waliokamatwa walirudishwa kulima palepale.

"Bila karatasi," alisema.

"Ndiyo."

"Kwetu pia. Karibu nusu ya batu niliyofungia mulango balikosa karatasi."

Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimemwonea huruma dakika chache tu zilizopita, alipogusa kile kioo. Lakini neno lilikuwa limeshatamkwa garini.

"Baba yangu naye alikosa karatasi," nilisema. "Alikuwa kwenu miezi mitano. Mama alikuwa anakuletea sufuria."

Aligeuka akanitazama vizuri, na nikaona anatafuta. Macho yake yalikwenda juu ya uso wangu, paji, pua, taya, anatafuta mtu humo.

"Namba yake ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Namba gani?"

"Ya kitabu. Kwenye kitabu tuliandika namba, na kosa, na siku. Majina ilikuwa kwa ofisi, sisi hatukuitumia. Ukiniambia namba..."

"Sijui namba! Alikuwa baba yangu!"

Yule askari aliyeegemea gari jeupe alikuwa ameanza kututazama. Papa Gardien aliweka mikono yake juu ya mapaja. Ilikuwa mikubwa, na safi sana.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Sikumbuki yeye. Lakini kama alikuwa pale miaka ile, nilimupiga. Wote nilibapiga. Asubuhi, kila anayeingia, mbele ya wenzake. Ilikuwa vile. Mukubwa wangu alinionesha, na yeye alioneshwa na muzungu. Mimi nilionesha wengine."

"Ulimvunja mgongo."

"Inawezekana."

Nilifungua mlango nikashuka. Nilitembea kando ya barabara ile, kwenye majani yaliyokuwa yamekatwa muda si mrefu, nikiwapita wale wanaume mmoja mmoja. Mmoja wao alinisalimia. Nyuma yangu gari la Papa Gardien lilikuwa linanifuata polepole, taa za dharura zinawaka, mpaka nilipofika kwenye kituo cha mafuta na kuita rafiki yangu aje anichukue. Hapo ndipo lilipoondoka.

Sikusema naye zaidi ya miaka mitatu. Bahati alihukumiwa miaka mitatu. Nilisikia kwa watu. Nilisikia kwamba mzee anaendesha kila wiki ya pili kwenda gereza alilopelekwa mwanawe, kusini, na kwamba ameanza kuwabeba akina mama wengine wenye wana huko, Wakongomani, Warundi, hata Wamarekani. Nilisikia pia kwamba alikuwa anapita nao mpaka kwenye geti na kubaki nje, ndani ya gari, kwa sababu mwaka wa pili Bahati alikuwa amelifuta jina la baba yake kwenye orodha ya wageni, akisema askari amewaona wa kutosha.

Nilimweleza mama kwa simu yaliyotokea barabarani. "Alikwambia ukweli," alisema. "Kule hakuna aliyetuambia ukweli." Halafu akaniuliza kama ninakula vizuri.

Neema alinipigia mwezi wa pili mwaka huu. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua nyumba Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, karibu na uwanja wa ndege. Baba yake alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto, wakamleta kwao. Bahati ametoka, naye yuko hapo, ana wiki ya tatu. "Hawasemeshani," alisema. "Wanapishana kama wapangaji. Na Papa anakutaja wewe. Sijui mna nini, lakini kila siku anakutaja."

Nilimpigia mama, nikitumaini atanikataza. "Enda," alisema. "Mwambie namsalimia."

Niliendesha kutoka Columbus Jumapili asubuhi, kwa saa zaidi ya tano, theluji ikinipokea kuanzia mpaka wa Pennsylvania. Neema alinifungulia, akanikumbatia kwa nguvu, akanipeleka sebuleni. Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Papa Gardien alikuwa amevaa sweta la mkwewe, limemwangukia mabegani, na kwenye miguu soksi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu.

"Mama," alisema. "Ulikuja."

"Nimekuja, Papa. Mama anakusalimia."

Hilo lilimchukua muda. Alifumba macho, akayafumbua. Kisha akaniambia, kwa maneno yaliyotoka moja moja, kwamba alikuwa amemtafuta baba yangu kichwani mwake miaka hii yote. Alikuwa ameanzia kwenye chumba cha kwanza, akaenda chumba kwa chumba. Aliwaona watu wengi, alisema, wengi mno, lakini hawakuwa na majina.

"Niambie jina yake."

Nikamtajia. Nilitaja majina yote matatu, na jina la utani ambalo mama alikuwa akimwita. Akayarudia nyuma yangu. La pili lilimshinda, mdomo haukuweza kulikunja. Akarudia, akarudia tena, mate yakimtoka, mpaka likatoka zima. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, na hakuniuliza. Nilichukua kitambaa nikamfuta kidevu.

Tulikula mapema, saa tisa na nusu, kwa sababu nilitaka kuanza safari kabla ya giza. Bahati alishuka alipoitwa. Nilikuwa namkumbuka kijana mcheshi; aliyeketi mbele yangu alikuwa mwanamume mnene wa shingo, aliyezungusha mkono wake kuzunguka sahani na kula kama anayekimbizwa. Alinisalimia kwa Kiingereza, kwa adabu. Baba yake hakumtazama. Neema aliongea kwa niaba ya wote, kuhusu theluji, kuhusu kazi, kuhusu bei ya nyumba.

Ghafla Bahati akatazama saa ya jiko. Akaacha chakula nusu, akainuka, akapanda ngazi bila kusema neno. Tukasikia hatua zake juu, kisha hatukusikia kitu.

"Amekasirika?" niliuliza.

"Hapana," Neema alisema chini chini. "Ni saa kumi. Kila siku iko hivi. Huko gerezani saa kumi ndiyo saa ya kuhesabiwa, wanasimama kando ya vitanda vyao mpaka askari apite. Ninamwambia Bahati, hapa ni nyumbani. Ananiambia anajua. Na kesho anakwenda tena."

Papa Gardien alikuwa ameweka kijiko chini.

"Munipeleke," alisema.

"Papa, ngazi huziwezi."

"Munipeleke."

Tulimshika, Neema kushoto, mimi kulia, mkono wake mzima umeshika shingo yangu. Ngazi zilikuwa kumi na tatu. Kwenye ya saba alitaka kuanguka, tukamkalisha hapo mpaka pumzi ikarudi. Nilikuwa na hakika kwamba tukifika juu tutamkuta Bahati ameketi anacheza na simu yake. Lakini mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa amesimama kando ya kitanda kilichotandikwa bila mkunjo hata mmoja, mikono imenyooka ubavuni, macho ukutani.

Mzee alishika fremu ya mlango, akasimama hapo. Bahati aligeuza macho tu, akamwona baba yake mlangoni, na nikaona mwili wake wote unakaza. Mzee naye aliliona. Alitazama mkono wake ulioshika fremu, akatazama mahali alipokuwa amesimama, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga kaburi.

Akauachia mlango. Akaburuta mguu wake mbovu kuvuka kile chumba kidogo, tukitaka kumfuata akatukataza kwa kichwa. Alipofika kitandani aligeuka kwa shida, akajipanga kando ya mwanawe, bega kwa bega, uso ukitazama huku tuliko sisi. Akaunyosha ubavuni mkono uliokuwa bado unamtii.

Mimi na Neema tulikuwa tumebaki mlangoni wawili. Nikamvuta tukasogea pembeni.

"Nani anahesabu?" Bahati aliuliza. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, bila kumtazama.

"Hakuna mutu," baba yake alisema. "Tunangoja ipite."

Ndege ilikuwa inashuka, vioo vikatetemeka, ikapita. Mguu wa mzee ulikuwa umeanza kucheza. Bahati aliendelea kutazama ukuta, lakini mkono wake ulitoka ubavuni, ukapita nyuma ya mgongo wa baba yake, ukamshika chini ya kwapa, ukambeba uzito.

Wakabaki wamesimama hivyo. Mimi nikashuka jikoni kupasha chakula chao moto.